Binti Anamtafuta Mama: Nani Asimulie? Njia Tatu za Kuandika Riwaya ya Mwendo wa Polepole Iliyo Tanga

Anayetaka kuandika riwaya ya binti anayemtafuta mama yake hukwama mapema, na wengi hukwama mahali pamoja: nani ashike usimulizi? Kisa anacho, Tanga anaijua mtaa kwa mtaa, lakini kurasa 20 alizoandika kwa "mimi" amezifuta, akaandika nyingine kwa "yeye", nazo hazikumridhisha. Ulinganisho huu ni wa mtu huyo. Unapima njia tatu: binti ajisimulie mwenyewe, msimulizi wa nafsi ya tatu amfuate binti, au sauti mbili, ya binti na ya mama, zipokezane.

Ili kila njia ipimwe kwa haki, tutumie kisa kimoja. Mama anaondoka Ngamiani, mtaa wa mjini Tanga, mwanzoni mwa 1977 kwenda kwa ndugu zake wa Kidigo upande wa Kwale, Kenya. Anasema atarudi baada ya wiki mbili. Februari mwaka huo mpaka wa Tanzania na Kenya unafungwa, na haufunguliwi hadi Novemba 1983. Binti aliachwa ana miaka 7. Mpaka unapofunguliwa ana miaka 13, na mama harudi. Riwaya inaanza 1994, binti ana miaka 24, bibi aliyemlea amekwisha kufariki. Mpaka unaeleza miaka sita ya kwanza. Miaka iliyofuata hauielezi hata kidogo, na riwaya iko hapo.

Vigezo

Tutapima kila njia kwa mambo sita: siri (nani anajua nini, na msomaji anakijua lini), subira (kitu gani kinamshika msomaji wakati hakuna mbio wala risasi), lugha, ukubwa wa kazi, inapoharibikia, na inamfaa mwandishi wa aina gani.

Kabla ya kuchagua lolote, kuna kazi mbili za lazima. Kwanza, andika ukweli wa mama kwa maneno 800 hadi 1,000: kwa nini aliondoka, kwa nini hakurudi, anaishi na nani, anamkumbukaje mtoto. Huenda msomaji asiuone ukurasa huo kamwe, lakini wewe usipoujua, kila shahidi atasema maneno ya ukungu na riwaya itayeyuka katikati. Pili, chora daftari la mashahidi lenye safu nne: jina, anachojua, anachoficha, na sababu ya kuficha. Safu ya nne ndiyo inayoachwa wazi na waandishi wengi, nayo ndiyo inayozaa mandhari nzuri kuliko zote.

Upole wa mwendo unatoka wapi

Hautoki kwenye maelezo marefu ya bahari na minazi. Unatoka kwenye adabu ya kuuliza. Katika mji kama Tanga habari za mtu haziulizwi mlangoni. Binti anapiga hodi, anakaribishwa mkekani, anaamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. U mtoto wa nani?"

Kila kijana huulizwa swali hilo na kila mzee, bila ubaya wowote. Kwa binti huyu ndilo jeraha lenyewe, maana kulijibu ni kumtaja mama mbele ya mtu ambaye pengine alimjua kuliko yeye. Zinafuata habari za nyumbani, habari za wagonjwa, kahawa, na ndipo haja isemwe, tena kwa kuzungushwa. Na mwenye kujua naye hasemi yote. Somo wa mama, aliyemfunda alipovunja ungo na kumsimamia siku ya harusi, amebeba mambo ya ndoa ile ambayo hapaswi kumwambia yeyote, sembuse mtoto wa kuzaliwa ndani ya ndoa hiyohiyo. Shangazi anakwepa kwa sababu kaka yake, babake binti, bado yu hai. Mwenye nyumba wa zamani anasema sana kwa kuwa hajui kitu.

Ziara kama hiyo hujaza sura nzima ya maneno 2,500 hadi 3,500 na msomaji asichoke, mradi binti aondoke na vitu vitatu: jambo moja la kweli, jambo moja la kupotosha, na jina la mtu mwingine wa kumwendea. Ziara 8 hadi 10 zinatosha riwaya ya maneno 60,000. Zikizidi 12 zinaanza kufanana, hata kama kila nyumba umeipaka rangi yake.

Mwaka wa 1994 haukuchaguliwa ovyo. Simu ya mkononi bado haijafika mikononi mwa watu wa Ngamiani. Sogeza kisa hadi 2010 na sura nne zitakufa kwa simu moja, isipokuwa umempa shahidi sababu nzito ya kutopokea.

Njia ya kwanza: binti ajisimulie

*Siri.* Msomaji anajua kile tu anachokijua binti, na hilo linamweka karibu naye mno. Lakini swali la kuamua mapema ni hili: anasimulia akiwa wapi katika maisha yake? Akisimulia miaka mingi baadaye, mwisho anaujua tayari. Kumficha msomaji jambo analolijua hadi ukurasa wa 200 ni hila, na msomaji mzuri huinusa. Dawa yake inafanya kazi karibu kila mara: mwambie msomaji katika sura ya kwanza kwamba mama alipatikana, au hakupatikana. Swali la "je" likiondoka, linabaki la "kwa nini", ambalo ndilo linaloweza kubeba riwaya isiyo na haraka.

*Subira.* Hapa msomaji anashikwa na kumbukumbu, hasa iliyokosewa. Mtoto wa miaka 7 anakumbuka harufu ya kikuba, rangi ya kanga, na mama akilia kituo cha basi. Rudisha kumbukumbu hiyo mara tatu katika kitabu, kila mara shahidi mmoja akiisahihisha: hakukuwa na basi, mama aliondoka kwa mashua kutoka Moa, na aliyekuwa akilia ni bibi. Kila sahihisho linamfanya binti aanze upya, na msomaji pamoja naye, bila tukio kubwa lolote kutokea.

*Lugha.* Kuna mtego wa Kiswahili chenyewe. Kiambishi -ka- ni farasi wa masimulizi yetu: nikaenda, nikauliza, nikajibiwa, nikarudi. Kikitumika ukurasa mzima, riwaya ya polepole inageuka kuwa taarifa ya polisi. Kiweke pale tendo linapofuatana kweli na jingine. Penye kukaa na kutazama tumia "alikuwa aki-", na mazoea ya mama yape hu-: mama hukunja kanga mara nne, mama huonja mchuzi kwa kiganja. Hu- ina uwezo wa ajabu katika kisa hiki, kwa sababu inamweka mama katika wakati usiopita. Binti anayeendelea kusema "mama hufanya hivi" miaka 17 baada ya mama kuondoka amekwisha kutueleza yote kuhusu hali yake, bila kutaja huzuni.

*Ukubwa.* Maneno 50,000 hadi 65,000. Sauti moja ya karibu ikizidi hapo huchosha.

*Inapoharibikia.* Kwenye malalamiko. Hesabu mara ngapi binti analia katika sura tano za kwanza. Zikizidi mbili, punguza. Kasoro ya pili ni kwamba lazima awepo kila mahali, kwa hiyo mwandishi anamsimamisha nyuma ya mlango asikilize wakubwa wakizungumza. Kitabu kizima kinavumilia mlango mmoja tu.

*Inamfaa* anayeanza, na anayejua sauti ya msichana huyo kabla hajajua kisa. Pia inamfaa ambaye ameamua mama asionekane hadi mwisho, au asionekane kabisa.

Njia ya pili: nafsi ya tatu ikimfuata binti

*Siri.* Msimulizi anakaa hatua mbili nyuma ya binti. Anauona uso wake anapomdanganya shangazi, jambo ambalo binti mwenyewe asingeweza kutuonyesha. Anaweza pia kubaki mkekani baada ya binti kuaga, tukasikia wazee wawili wakipumua na kusema, "Ni yeye mtupu." Lakini ruhusa hiyo itangazwe mapema. Ukimwacha binti mara moja katika sura tatu za mwanzo, msomaji ataikubali kuwa kanuni ya kitabu. Ukisubiri sura ya 18 ndipo umwache, ataona umeishiwa mbinu.

*Subira.* Mahali ndipo panapobeba mzigo, na Tanga ina mabega mapana. Ngamiani ina barabara za namba, kwa hiyo safari ya binti kutoka barabara ya 4 hadi ya 17 kwa baiskeli inahesabika bila ramani. Nje ya mji kuna mkonge, zao lililoletwa na Wajerumani mwaka 1893. Mwaka 1964 Tanganyika ilivuna zaidi ya tani 200,000. Kisha kamba za nailoni zikaja, mashamba yakataifishwa 1967, na binti anayepita 1994 anaona mistari ya mkonge iliyomezwa na vichaka na korona (mitambo ya kuchakata mkonge) zilizosimama. Kama mama aliwahi kuanika singa, yaani nyuzi za mkonge, upande wa Muheza, kambi hiyo iliyohamwa ni shahidi asiyesema, na sura yake iwe fupi.

Nafsi ya tatu hubeba karatasi vizuri pia. Cheti cha kuzaliwa cha binti kina jina la mama, pengine si lile analoitwa mtaani. Kipande cha mkonge, kadi iliyohesabu siku 30 za kazi kabla mtu hajalipwa, kinaweza kuwa na jina la tatu. Na tangu Sheria ya Ndoa ya 1971, shauri la talaka hutakiwa kupita kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa kabla ya mahakama, hivyo maneno ya mama mwenyewe yanaweza kuwa yamelala ndani ya jalada, yameandikwa na karani kwa Kiswahili cha ofisini. Kumsikia mama mara ya kwanza kupitia lugha ya karani ni jambo zito, nasi tungelitunza hadi baada ya nusu ya kitabu.

*Lugha.* Hapa kuna tatizo ambalo halikwepeki. Wanawake wawili, kiambishi kimoja. "Alimwambia mama yake kwamba angeondoka": nani angeondoka? Usitibu kwa kurudia majina kila sentensi. Tibu kwa kupanga namna ya kumtaja mama. Binti awe na jina lake, tuseme Zuhura. Mama aitwe "mama" pale masimulizi yanapokuwa ndani ya moyo wa Zuhura, "mama yake" yanapokuwa nje, na jina lake la utu uzima, Bi Mwanakombo, midomoni mwa watu waliomjua kabla hajazaa. Ukishika mpango huo bila kuteleza, siku Zuhura mwenyewe atakapotamka "Bi Mwanakombo" msomaji atajua kwamba ameanza kumwona mama kama mtu.

*Ukubwa.* Maneno 60,000 hadi 90,000, sura 20 hadi 28.

*Inapoharibikia.* Kwenye darasa la historia. Mwandishi aliyefanya utafiti anataka uonekane, na Zuhura anasimama barabarani huku msimulizi akitufundisha reli. Taarifa moja kwa kila ziara, tena iwe imeshikamana na swali analolibeba. Uharibifu wa pili ni kalenda. Ramadhani ya 1977 iliangukia Agosti na Septemba. Ya 1983 iliangukia Juni na Julai. Ukimfanya mama aondoke Februari 1977 "siku tatu kabla ya mfungo", wazee wa Tanga watakifunga kitabu hapo. Masika huanza Machi, vuli huja Oktoba hadi Desemba, na kusi na kaskazi huamua mashua zinaelekea wapi. Tengeneza jedwali la mwaka, umri wa binti, msimu na mwezi wa Kiislamu kabla ya sura ya kwanza. Ni kazi ya jioni moja, na inaokoa mwezi wa kusahihisha.

*Inamfaa* anayeupenda mji sawa na anavyompenda mhusika, na aliye tayari kutafiti. Inamfaa pia anayeandika karibu na maisha yake mwenyewe: hatua mbili zile za msimulizi zinampa nafasi ya kupumua.

Njia ya tatu: binti na mama wapokezane

*Siri.* Kila kitu kinageuka. Msomaji anajua sababu ya mama kabla binti hajaijua. Swali halibaki "kwa nini aliondoka", linakuwa "binti akijua, atafanya nini?" Riwaya inahama kutoka kwenye utafutaji kwenda kwenye hukumu. Ni badiliko la haki kabisa, lakini lifanye kwa kukusudia. Ili siri isiishe mapema, sura za mama ziende kwa mpangilio wa miaka, tuseme kuanzia harusi yake 1968, na siku ya kuondoka ifikiwe kwenye robo ya mwisho ya kitabu. Akirukaruka nyakati, msomaji atahisi anafichwa.

*Subira.* Inatokana na pengo kati ya sauti hizo mbili. Binti anashika kanga na kuisoma vibaya. Sura inayofuata mama anatuambia aliinunua kwa ajili ya nani. Uwiano unaofaa ni sura mbili za binti kwa moja ya mama. Ukiwapa sawa kwa sawa, mama atamfunika binti, kwa kuwa maisha yake yana ndoa, talaka, mpaka na bahari, na binti ana maswali tu.

*Lugha.* Funika majina juu ya sura, mpe mtu asome. Asipotambua nani anasema ndani ya sentensi tatu, hujapata sauti mbili. Mama ni mtu wa kizazi kingine: sentensi fupi, mafumbo, "mwanangu" kila anapokaribia jambo gumu, Kidigo kidogo pale anapotaja kwao. Akiandika barua, kumbuka posta yetu haikupeleka barua nyumba kwa nyumba. Barua ilikwenda kwenye S.L.P. ya shule, ya msikiti, ya mwajiri, na ilipita mkononi mwa karani au mjomba kabla haijafika. Barua zilizoandikwa baada ya 1983 na kushikiliwa na mtu mmoja aliyejua zinatoka kwa nani ni jambo linaloaminika kabisa, na halihitaji bahati nasibu ya kisa.

Mama akiwa mtunzi, shairi lake linaweza kuingia. Angalia tu mizani: 16 kwa mshororo, 8 na 8, na vina vikae. Tanga ni mji wa Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyotamba kwa taarabu miaka ya 1960 na 1970, na sikio la huko halisamehi mshororo wenye mizani 15. Beti nne kwa kitabu kizima zinatosha.

*Ukubwa.* Maneno 80,000 na zaidi, na kazi ni maradufu. Ziandike sura zote za mama kwanza, mfululizo, kisha za binti, ndipo uzichanganye. Anayeandika kwa kupishana tangu mwanzo huziona sauti zikifanana kufikia sura ya kumi.

*Inapoharibikia.* Mama anajitetea. Anaeleza kila kosa, anaomba radhi, na binti hana la kufanya ila kulia na kukumbatia. Mwachie mama jambo moja ambalo hata yeye hawezi kulieleza, na jingine analolijutia vibaya, yaani anajutia lisilo kosa na kupita kimya kwenye lile lililo kosa. Angalia pia barua zinazoeleza yanayojulikana: "kama ujuavyo, babako alikuwa fundi wa reli." Hakuna mama anayemwandikia mtoto hivyo.

*Inamfaa* aliyekwisha kumaliza walau kazi moja ndefu, na ambaye ukurasa wake wa ukweli wa mama ulifika maneno 3,000 bila yeye kutaka. Mama huyo anadai kusema.

Kwa hali yako

Kama ukweli wa mama unaweza kusemwa kwa sentensi moja ("alipata mume mwingine na akaona haya kurudi"), nenda njia ya kwanza au ya pili. Sentensi moja haibebi theluthi ya kitabu. Kama mama amekwisha kufariki riwaya inapoanza, njia ya tatu bado inawezekana kupitia barua na jalada la talaka, ila amua ni nani aliyezitunza na kwa nini hakuzichoma.

Kama huijui Tanga ya 1977 na huna wazee wa kuwauliza, njia ya kwanza inakuhifadhi zaidi: binti wa 1994 anaruhusiwa kutojua. Njia ya pili haitakuficha. Kama unaandikia vijana wa sekondari, njia ya kwanza ndiyo rahisi kufuatwa, na ziara zishuke hadi sita. Kama mchapishaji wako anataka kitabu kisichozidi kurasa 200, yaani maneno 50,000 hadi 60,000 hivi, iache ya tatu kwa sasa.

Kama bado umekwama kati ya mbili, chagua mandhari moja, ile ya binti kufika kwa somo wa mama, uiandike kwa njia zote mbili, maneno 600 kila moja, siku tofauti, bila kuitazama ya kwanza unapoandika ya pili. Kisha zisome kwa sauti mbele ya mtu anayeijua adabu ya mkekani. Usimuulize ipi ni nzuri. Muulize somo anaficha nini. Njia iliyomfanya akisie karibu na ukweli bila kuambiwa ndiyo ya kuendelea nayo sura tatu zaidi. Sura ya tatu ikikwama, rudi kwenye daftari la mashahidi kabla hujabadili msimulizi, kwa sababu mara nyingi kilichopungua ni ile safu ya nne.